Umeme wa akiba nyumbani: shika kalamu kwanza, Kariakoo utaenda baadae

Watu wengi wakichoka na umeme kukatika wanaanzia dukani. Mtu anaingia Kariakoo anauliza inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) shilingi ngapi, muuzaji nae anamuuliza unataka ya ngapi, anajibu "ya kawaida tu", na hapo ndo hela inapotea, maana hamna inveta ya kawaida, kuna inayofaa nyumba yako na inayofaa nyumba ya mwenzako. Huu mwongozo ni wa mtu anaekaa mjini, ana LUKU yake au anachangia na wapangaji wenzake, na anachotaka ni umeme ukikatika jioni taa ziwake, feni izunguke, watoto waangalie tivii na intaneti isife. Kama uko sehemu nguzo haijafika hesabu yako ni nyingine kabisa, wewe unahitaji sola kamili toka mwanzo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome mpaka chini ukakasirika: nyumba nyingi za mjini hazihitaji kuanza na paneli za sola, wala jenereta, zinahitaji betri nzuri na inveta ndogo inayochajiwa na umeme huohuo wa TANESCO ukiwepo. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 ulitokana na umeme unaozalishwa kuwa mdogo, kisha Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji likaanza kuwasha mitambo Februari 2024 (mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115) na mgao ukapungua. Ila kukatika hakujaisha, kwa sababu kuzalisha ni jambo moja na kufikisha mpaka sebuleni kwako ni jambo lingine, transfoma inazidiwa, nguzo inaanguka, mti unalalia waya, au wanatangaza matengenezo ya laini toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Huko kunakuwa ni kukatika kwa masaa, alafu unarudi unakaa. Kwa masaa betri inatosha, na ukirudi betri inajaa tena.

Hatua ya 1: Jua unakatikiwa vipi

Chukua wiki mbili hivi, kila ukikatika andika kwenye simu umekatika saa ngapi na umerudi saa ngapi. Kazi hii inaboresha kila kitu kinachofuata, mtu anaekatikiwa masaa mawili mawili mchana akiwa kazini na mtu anaekatikiwa kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku hawapaswi kununua kitu kimoja.

Kabla ya hapo hakikisha kweli ni TANESCO. Angalia uniti kwenye mita, angalia kama breka imeshuka, chungulia kwa jirani. Ukikuta nusu ya mtaa inawaka na nusu iko giza, mara nyingi ni fezi moja imeondoka, transfoma inatoa fezi tatu na nyumba zimegawanywa humo. Toa taarifa, na usikubali yule kijana wa mtaani anaejua kupanda nguzo akuhamishie fezi.

Kuna na lile tatizo la umeme kuwepo lakini mdogo, taa nyekundunyekundu, feni inazunguka kwa uvivu, friji inanguruma haiwaki. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230, ukishuka huko 170 kompresa ya friji inateseka kuliko hata ukikatika kabisa. Kama hili ndo tatizo lako kuu, andika nalo, tutarudi kwenye mpangilio wa inveta.

Hatua ya 2: Orodha ya vitu na wati zake

Geuza kila kifaa usome kile kibandiko cha nyuma. Kama hakipo, tumia makadirio haya: taa ya LED wati 5 mpaka 10, rauta 10 mpaka 15, feni ya kusimama au ya dari 50 mpaka 75, tivii ya inchi 32 kama 45 na ya inchi 43 kama 80, laptop 45 mpaka 65, friji ya kawaida ya nyumbani 100 mpaka 150 ikiwa inazunguka.

Upande wa pili kuna wale walaji: pasi 1000 mpaka 2000, jagi la kuchemshia maji 1500 mpaka 2200, shawa ya maji ya moto 3500 kwenda juu, maikrowevu 1200 hivi, jiko la presha la umeme 1000. Kanuni ni rahisi, chochote ambacho kazi yake ni kutoa joto kitoe kwenye orodha. Mtungi wa gesi utapika na utachemsha maji, nguo piga pasi umeme ukiwepo. Nimeona watu wananunua inveta ya kilowati 5 kwa ajili ya jagi la chai, hiyo chai ni ghali sana.

Sasa chukulia familia inayokatikiwa kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku. Taa 5 za wati 8 kwa masaa 6 ni wati-saa 240. Rauta ya wati 12 masaa 6 ni 72. Tivii ya wati 80 masaa 4 ni 320. Feni 2 za wati 60 masaa 6 ni 720 (ona feni ilivyo mlaji wa kimyakimya, watu wanaogopa tivii kumbe feni). Simu na laptop weka 100. Friji haizunguki muda wote, kwa wastani inakula kama theluthi ya ile wati 120 yake, kwa hiyo 40 mara masaa 6 ni 240. Jumla ni 1,692. Inveta nayo inakula chake wakati wa kubadilisha umeme, gawa kwa 0.85, unapata karibu 2,000. Hiyo namba, wati-saa 2,000, ndo unaenda nayo dukani.

Namba ya pili unayohitaji ni wati zote zikiwaka kwa pamoja: 40 za taa, 12, 80, 120 za feni, kama 100 za chaja, na 120 za friji, jumla 470 na kitu. Friji ikiwa inaanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kiwango chake kwa sekunde moja mbili, kwa hiyo 470 kwenye karatasi inaweza kugusa 1,200 ghafla.

Watu wanachanganya hizi namba mbili. Betri ni simtanki na inveta ni unene wa bomba. Bomba nene kwenye simtanki dogo halikupi maji mengi, linakumalizia maji haraka. Ukisikia mtu analalamika ana inveta kubwa lakini inadumu nusu saa, ujue alinunua bomba akasahau tanki.

Hatua ya 3: Kama hela haitoshi, anza na hivi vidogo

Usidharau. Taa za kuchaji zile za balbu, unafunga kwenye holda ya kawaida na umeme ukikatika inaendelea kuwaka yenyewe masaa kadhaa, mbili tatu zinatosha sebule, jiko na korido ya chooni. Pawabenki kwa simu. Na kile kiboksi kidogo cha kushikilia rauta, kinakaa katikati ya adapta na rauta, hiki kwa mtu anaefanya kazi kwenye mtandao ndo kitu cha kwanza kununua kuliko chochote. Angalia tu adapta ya rauta yako imeandikwa volti ngapi, nyingi ni 12 lakini zipo za 9 na za 5, na ukiweka volti isiyo yake umeua rauta. Kama una faiba, kumbuka pale ukutani mara nyingine kuna boksi mbili, lile la faiba na rauta yenyewe, zote zinahitaji umeme.

Na mpangaji ambae baba mwenye nyumba hataki waya zake ziguswe, usibomoe kitu. Nunua inveta yenye soketi zake yenyewe na betri yake, iweke kona ya sebule, chomeka ekstensheni moja, hapo tivii, rauta, feni na taa ya mezani. Siku ukihama unabeba.

Hatua ya 4: Betri

Hapa ndo weka hela. Ukibana bana kwenye betri utanunua mara mbili.

Sokoni kuna za aina mbili kubwa. Za risasi, ambazo ni zile za maji na zile za jeli zilizofungwa, na za lithiamu, ambazo kwa nyumbani unataka ile inayoandikwa LiFePO4. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 200 (Ah ni ampea-saa, ukizidisha na volti unapata wati-saa) kwenye karatasi ina wati-saa 2,400, lakini ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, ukiishusha mpaka chini kila siku itakufa ndani ya muda mfupi. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 mpaka 90 na haina shida. Kwa ile familia yetu ya 2,000, unahitaji ama betri mbili za risasi za 12V 200Ah (4,800 nusu yake 2,400), ama moja ya lithiamu ya 24V 100Ah, ambayo ni 2,560 (volti zake halisi ni 25.6) na unapata kama 2,300.

Dukani lithiamu itaonekana ghali. Lakini ya risasi ukiitumia kwa nusu kila siku inatoa mizunguko mia kadhaa ya kujaa na kuisha, lithiamu nzuri inatoa elfu kadhaa. Joto nalo, betri ya risasi inapungua umri kama nusu kwa kila nyuzi 10 hivi zinazozidi 25, na Dar ya Februari unaijua ilivyo.

Ila sababu kubwa zaidi, ambayo wauzaji hawaisemi, ni kasi ya kujaa. Betri ya risasi haipendi kuchajiwa kwa nguvu, kwa Ah 200 chaji ya ampea 20 hivi ndo salama, na ile robo ya mwisho inaingia polepole sana, kwa hiyo ikiwa nusu inahitaji masaa nane au zaidi kujaa kabisa. Ukiwa kwenye kipindi ambacho umeme unarudi masaa machache unakatika tena, haijai hata siku moja, na betri ya risasi inayokaa bila kujaa inaganda ndani na kupoteza uwezo. Ya lithiamu ya Ah 100 kwa ampea 30 inajaa ndani ya masaa manne na ikiachwa nusu haidhuriki. Kwa mazingira yetu hilo peke yake linatosha kuamua. Kama hela ni ya risasi tu, chukua ya jeli, ya maji iache kwa mwenye veranda na muda wa kuongeza maji ya betri kila mwezi.

Sasa feki. Zipo, na zimepakwa rangi nzuri. Betri ya risasi ipimwe kwa uzito, 12V 200Ah ya kweli inacheza kilo 50 mpaka 60, ukiinua ya kilo 35 iliyoandikwa 200 iache hapohapo. Ya lithiamu uzito hausaidii sana, hiyo ipime nyumbani: ijaze, weka mzigo unaoujua, mfano feni mbili na tivii na taa zifike kama wati 250, weka saa. Ya 24V 100Ah inatakiwa ikupeleke kama masaa 8. Ikizima kwenye masaa 4 hiyo ni seli zilizotumika zimevalishwa boksi jipya, irudishe. Ndo maana dai risiti ya EFD na karatasi ya garantii iandikwe namba ya betri, bila hivyo muuzaji atakuambia hakujui.

Hatua ya 5: Inveta

Kwenye boksi tafuta maneno Pure Sine Wave. Ikiwa imeandikwa Modified Sine Wave, hata iwe bei ya kutupa, taa na chaja zitawaka lakini feni itavuma, na friji na pampu zitapata moto mpaka zife. Kwa ile familia yetu, inveta ya wati 1,000 mpaka 1,500 ya volti 24, inayovumilia mara mbili kwa sekunde chache, inatosha vizuri. Soma wati, sio VA, wauzaji wanapenda kutaja VA kwa sababu ni namba kubwa.

Volti 12, 24 au 48? Wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80 zinazopita kwenye waya, kwenye 24 ni kama 42. Ampea nyingi ni waya mnene, joto na hasara. Chini ya wati 1,000 kaa 12, mpaka 3,000 kaa 24, kuanzia 5,000 nenda 48.

Kama una ndoto ya sola mbeleni, nunua sasa hivi ile ya haibridi ambayo ndani tayari ina sehemu ya kupokelea paneli. Unalipa zaidi kidogo leo unaokoa kununua upya kesho.

Ila kuna jambo la uniti. Inveta kubwa ikiwa imewashwa tu, bila kazi yoyote, inakula wati 40 mpaka 60. Chukua 50, mara masaa 24, mara siku 30, ni uniti 36 kwa mwezi. Sasa wewe uko kwenye lile kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, hizo 36 zinaweza kukuvusha, na zinazozidi 75 bei yake ni zaidi ya mara tatu. Hii ni sababu nyingine ya kutonunua inveta kubwa kuliko kazi uliyonayo. Kuchaji betri yenyewe sio mzigo, kujaza wati-saa 2,000 ni kama uniti 2 na nusu, hata kwa bei ya 350 na ushee kwa uniti haifiki shilingi 900.

Hatua ya 6: Waya, fyuzi na fundi

Hatua hii ndo inachoma nyumba, kwa hiyo soma taratibu.

Kutoka betri mpaka inveta waya uwe mfupi, usizidi mita moja na nusu, na uwe mnene. Kwa inveta ya wati 1,500 ya volti 24 tumia milimita 25 za mraba, kwa ya wati 3,000 nenda 35 mpaka 50. Karibu kabisa na betri, upande wa chanya, weka fyuzi au breka ya DC, yaani ya umeme wa betri (kwa ile ya 1,500 ampea 100 inafaa). Nimesema ya DC. Zile breka za kawaida za kwenye DB (lile boksi la breka la nyumba) ni za AC, yaani umeme wa ukutani, ukiiweka kwenye betri siku ya shoti cheche yake haikatiki, inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki inayeyuka. Fundi akikuambia "hii hii inafanya kazi", mwambie aitoe.

Upande wa nyumba, njia safi ni kuweka DB ndogo ya pili pembeni ya ile kubwa, ndani yake zinahamishiwa saketi zile tu ulizochagua: taa, soketi za sebule, soketi ya friji. Soketi za jikoni, shawa na kiyoyozi zinabaki kwenye DB ya zamani, zikikatika zimekatika. Hapo mtoto hawezi kuja kuchomeka pasi kwenye umeme wa betri bila kujua.

Na hapa mafundi wengi wanakosea nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Anahamisha laivu tu (waya unaoleta umeme), nyutro za nyumba nzima anaziacha pamoja kwenye baa moja. Matokeo yake breka ya usalama inashuka ovyo, au inveta inatoa alama ya hitilafu, na kila mtu analaumu inveta. Saketi ikihamia DB mpya ihame na laivu yake na nyutro yake. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ufungwe kwenye inveta nao, sio ukunjwe ukatiwe tepu.

Kitu kimoja usikiruhusu hata kwa dakika tano: ile waya yenye plagi pande zote mbili, unachomeka upande mmoja kwenye inveta au jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Pini zake zina umeme wazi mkononi, na meni swichi ikisahaulika umeme wako unatoka kwenda transfoma, pale unapandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000 kwenye waya ambazo fundi wa TANESCO anazishika akijua zimezimwa. Umeme unaorudi ukikukuta umeunganisha hivyo, inveta nayo inaungua.

Fundi awe na leseni, EWURA ndo wanatoa leseni za kufunga umeme, muombe akuonyeshe, fundi wa kweli hakasiriki.

Hatua ya 7: Mpangilio wa ndani ya inveta

Fundi akimaliza usimwache aondoke kabla hamjapitia menyu wote wawili. Ya kwanza, aina ya betri. Inveta nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa AGM (aina ya betri ya risasi iliyofungwa), ukiwa na lithiamu lazima ibadilishwe na volti za kuchajia ziandikwe kama kibandiko cha betri kinavyosema, sio kama fundi anavyokumbuka. Ya pili, ampea za kuchaji, kwa risasi usizidi asilimia 10 mpaka 15 ya Ah zake.

Ya tatu, nani anatangulia. Kama huna paneli weka umeme wa TANESCO utangulie, kwenye menyu mara nyingi wanaandika UTI. Nimekuta nyumba imewekwa SBU (sola kwanza, kisha betri, TANESCO mwisho) bila paneli hata moja, maana yake inveta inamaliza betri kila siku umeme ukiwepo, alafu siku ukikatika betri iko chini. Familia inasema betri mbovu.

Ya nne ni ile ya umeme mdogo. Inveta nyingi zina hali mbili, APL inakubali umeme wa TANESCO hata ukishuka mpaka volti 90, na UPS inaukataa ukishuka chini ya 170 na kuhamia betri. Watu wanadhani inveta inanyoosha umeme mdogo, haifanyi hivyo, ukiwa APL ule umeme mbovu unapita moja kwa moja mpaka kwenye friji yako. Mwenye tatizo la umeme mdogo aweke UPS. Na hata ukiwa na inveta, ile friji gadi yenye kuchelewesha dakika kadhaa iache palepale, kompresa iliyozimika ghafla inataka dakika tatu mpaka tano ipumue kabla ya kuanza tena.

Halafu jaribu. Zima meni swichi ya TANESCO mwenyewe, usiku, kila kitu kikiwa kimewaka, subiri friji ianze kuzunguka. Shika waya za betri na viungio vyake kwa nje, vuguvugu sawa, ya moto sio sawa, nati imelegea au waya ni mwembamba.

Friji na pampu

Vitu hivi viwili ndo vinamfanya mtu anunue inveta mara mbili ya mahitaji. Friji ikijaa na isipofunguliwa inahifadhi ubaridi kama masaa manne. Friza iliyojaa inaenda zaidi ya siku. Kwa hiyo kama daftari lako la hatua ya kwanza linasema hukatikiwi zaidi ya masaa matatu, toa friji kabisa kwenye orodha, jaza nafasi tupu za friza na chupa za maji ziwe barafu, na wakataze watoto kuifungua fungua. Anaeuza barafu au samaki hesabu yake ni nyingine, huyo friza ni mtaji.

Pampu ya maji ya farasi moja ni wati 750 na ikianza inavuta mara tatu mpaka tano ya hapo. Badala ya kununua inveta ya kuibeba, weka simtanki juu ya mnara, lijaze umeme ukiwepo, maji yashuke yenyewe.

Jenereta je?

Kwa nyumba ya kawaida mimi siipendi. Jenereta ndogo ya petroli inakunywa karibu lita moja kwa saa ikifanya kazi ya wastani, na hata ukiipa kazi ndogo haishuki sana. Usiku mmoja wa masaa sita ni kama lita nne mpaka sita, hata lita ikiwa 2,800 unazungumzia zaidi ya elfu kumi na moja kwa jambo ambalo betri inalifanya kwa chini ya elfu moja. Inafaa kwa mwenye biashara ya friza, saluni, kuchomelea, au anaekatikiwa siku nzima. Ukiwa nayo iwe nje kabisa, mita sita hivi kutoka madirisha, sio koridoni, sio gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una hewa ya monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, watu wanalala hawaamki. Iunganishwe kwa chenji ova swichi (ile ya kuchagua TANESCO au jenereta), na usiongeze petroli ikiwa ya moto.

Paneli, zikija

Subiri miezi michache uone betri inaishaje. Ukiona inaisha kabla umeme haujarudi, au unataka bili ishuke, hapo ongeza paneli. Paneli ya wati 550 kwa jua la Dar, ukitoa hasara, inakupa karibu wati-saa 1,800 siku nzuri, na msimu wa masika shusha matarajio. Sisi tuko kusini mwa Ikweta kwa hiyo ielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 mpaka 15 inatosha ili mvua isafishe vumbi. Kabla ya kununua soma inveta yako inakubali volti ngapi za paneli, kiwango cha chini na cha juu, kuna zinazotaka zaidi ya 100 ndo zianze kufanya kazi, hapo paneli mbili hazitoshi, na kuna zinazoungua ukizidisha 145.

Utunzaji

Betri isikae chumba cha kulala kama ni ya maji, inatoa gesi inayolipuka wakati wa kuchaji. Isikae juani wala jirani na jiko. Wa Kigamboni, Mbezi Beach, Tanga na Unguja, hewa ya chumvi inakula viungio, paka vaselini baada ya kukaza na fungua uangalie kila baada ya miezi michache. Feni ya inveta inavuta vumbi, ipulizwe. Kila mwezi, hata kama umeme haukatiki, zima meni swichi jioni moja uache nyumba iende kwa betri masaa mawili matatu, ukiona inashuka haraka kuliko mwezi uliopita unajua mapema, garantii ikiwa bado hai. Na betri ya risasi iliyokufa usiipasue kuchukua risasi nyumbani na usimwage asidi yake uwanjani, wanunuzi wa betri mbovu wapo karibu kila mji, wanaipima kwa kilo na wanakulipa.